Uzi: Binti yangu aliwekewa puto chini ya ngozi ya kichwa ili kovu la moto liondolewe. Ulizeni

MamaPendo (Kisumu)

Hamjambo wadau. Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika. Leo naanzisha uzi kwa sababu mwaka jana nilitafuta mtu wa kunieleza jambo hili kwa Kiswahili nikamkosa, nikabaki kuokota maneno ya daktari moja moja kama redio yenye mikwaruzo.

Binti yangu, humu tumwite Pendo, alimwagikiwa na uji akiwa na miaka miwili na nusu. Jiko la makaa lilikuwa sakafuni, kama lilivyo katika nyumba nyingi za Manyatta, naye akavuta mwiko. Uji si kama maji. Maji yanateleza yanaenda zake, uji unang'ang'ania ngozi na kuendelea kuipika. Jirani mmoja alikuja mbio na dawa ya meno, mwingine na yai bichi, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikakubali vyote viwili. Kilichotakiwa ni maji ya mfereji yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa safi na hospitali. Hilo nimelijua nimechelewa.

Kidonda kilipona, likabaki kovu upande wa kulia juu ya sikio, upana sentimita 6, urefu kama 11. Limeng'aa, halina unywele hata mmoja. Alipofika Gredi ya 3 akawa havui kofia hata kanisani.

Nilidhani watamtoa ngozi ya paja wapachike pale. Daktari wa upasuaji wa plastiki akanikatalia kwa upole: kiraka cha paja kitafunika, lakini paja halioti nywele za kichwa. Ngozi inayoota nywele za kichwa ni ya kichwa peke yake, na ya mtu mwenyewe, hata ya dadake haitakaa. Kwa hiyo ile iliyosalia nzima lazima ikuzwe mpaka itoshe kufunika pengo.

Kukuza ngozi! Nilimwangalia kama ananiuzia shamba la ziwani.

Upasuaji ni mara mbili. Mara ya kwanza wanaingiza mfuko mtupu wa silikoni chini ya ngozi nzima iliyo kando ya kovu, juu ya mfupa. Mfuko una mrija mwembamba unaoishia kwenye kitufe kidogo, nacho kinazikwa chini ya ngozi mahali pengine. Chetu kilikaa nyuma ya sikio. Hicho ndicho mlango wa sindano. Wanatia maji ya chumvi kidogo siku hiyo hiyo (wetu mililita 30), wanashona, mnakwenda nyumbani. Wanasubiri jeraha likauke wiki mbili au tatu, kisha kila wiki mnarudi kuongezewa. Ngozi inapanda kama nundu. Ikishatosha, upasuaji wa pili: mfuko unatolewa, kovu linakatwa likatupwa, ngozi iliyokua inavutwa kufunika pale.

Sasa tumemaliza. Ulizeni.

BodaMamboleo

Pole mama, na pole kwa mtoto. Swali la mjinga: hilo puto likipasuka maji si yataingia kwenye ubongo?

MamaPendo

Si la mjinga, mume wangu aliliuliza kabla yako. Kati ya puto na ubongo kuna fuvu zima. Maji yenyewe ni ya dripu, gramu 9 za chumvi kwa lita, chumvi kama ya mwili. Likivuja, mwili unayanywa. Hasara ni kwamba nundu inashuka na kazi inaanza upya, na huo ni upasuaji mwingine.

FundiCherehani (Kibuye)

Mimi ni fundi wa nguo, naomba mnieleze hesabu. Kovu ni sentimita 6. Puto linatakiwa liwe la ukubwa gani? Maana kitambaa hakidanganyi.

MamaPendo

Fundi, hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, kwa sababu daktari alitoa utepe kama wako! Puto letu chini lilikuwa na upana wa sentimita 8. Unapitisha utepe juu ya nundu, ukingo hadi ukingo. Siku utepe uliposoma 14, ukitoa 8 za chini inabaki 6, na hizo 6 ndizo ngozi uliyochuma. Lakini hakukata siku hiyo. Alisema ngozi ikitolewa puto hujikunja kidogo, kwa hiyo lazima uzidishe. Tuliongeza wiki mbili.

FundiCherehani

Sawa kabisa. Kitambaa kinachovutika ukikikata sawa na kipimo kinakuaibisha. Unaacha akiba.

SistaWaUsiku (Kakamega)

Naongeza kidogo, nafanya kazi chumba cha upasuaji. Mifuko ina maumbo matatu makuu: duara, mstatili na mwezi mchanga. Wa mstatili ndio unaotoa ngozi nyingi zaidi ya kutumika, wa duara ndio wa mwisho, maana duara linatoa kuba na kuba halilali vizuri kwenye pengo refu. Kovu refu kama la Pendo, mstatili.

Tena watu wanadhani ngozi inavutika tu kama lastiki ya suruali. Saa za kwanza, ndiyo, nyuzi zake zinanyooka. Lakini mvutano ukikaa wiki baada ya wiki, seli zenyewe zinagawanyika na ngozi mpya inazaliwa. Tabaka la juu linanenepa kidogo, la chini yake linapungua unene, mafuta yanakonda sana, na mishipa midogo ya damu inaongezeka. Kuongezeka huko kwa damu ndiko kunakoifanya ngozi hiyo ivumilie kuhamishwa. Mama yeyote aliyebeba mimba amefanya jambo hili bila daktari.

Nywele lakini haziongezeki. Ni zile zile zinatawanywa, kama mahindi yaliyopandwa kwa nafasi. Kichwa unaweza kukikuza karibu mara mbili kabla ya jicho kuona zimepungua.

Chai_ya_Kericho

Nimecheka peke yangu. Kogo wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa na masikio yanayogusa mabega. Alianza na kijiti chembamba akiwa msichana, kikaja kinene, kikaja kipande cha mti. Kumbe alikuwa daktari wa plastiki.

SistaWaUsiku

Usicheke sana, maana jambo hili hospitalini nalo lilianzia sikioni. Mwaka 1957 daktari Mmarekani, Charles Neumann, alizika puto la mpira chini ya ngozi ya mtu aliyepoteza sehemu ya sikio, akalijaza polepole apate ngozi ya kumtengenezea lingine. Wazo hilo halikushika. Likalala hadi 1976, Chedomir Radovan, Marekani vilevile, alipoleta mfuko wa silikoni wenye mlango wa sindano chini ya ngozi. Leo matumizi yake makubwa ni kwa akina mama waliokatwa titi kwa sababu ya saratani: wanakuziwa nafasi kwanza, titi bandia linawekwa baadaye.

Kogo wako alitumia njia ile ile: kidogo kidogo, na kusubiri.

MwalimuVihiga

Mama Pendo, mimi ni mwalimu. Mtoto alienda shule na hiyo nundu?

MamaPendo

Mwalimu, umegusa penyewe. Watu wanauliza sana habari za kisu. Mimi nawaambia kisu ni siku mbili, na siku hizo mtoto amelala, mnaolia ni nyinyi. Kazi ni zile wiki kumi na mbili za katikati, na hizo hazifanywi na daktari, mnazifanya nyumbani.

Ratiba yetu: kila Alhamisi, saa moja asubuhi tuko njiani. Sista anapaka krimu ya ganzi juu ya kitufe, tunasubiri karibu saa nzima (ukiharakisha hapo unamtesa mtoto bure), anasafisha kwa dawa, sindano nyembamba, mililita 20 hivi. Wiki nyingine 15, nyingine 25. Hakuna anayefuata kitabu, wanafuata ngozi. Ikiwa nyeupe na ukibonyeza rangi hairudi, au mtoto akisema inauma, wanaacha, hata wanayafyonza kidogo. Usiku huo anahisi kubanwa, anapewa panadol, asubuhi anacheza.

Wiki ya tano bado unaweza kuificha. Wiki ya nane haifichiki. Kichwa kimekuwa na kichwa kingine. Watu kwenye matatu wanahama kiti. Mama mmoja Kondele aliniuliza mbele ya mtoto kama ni majini. Shuleni nilitangulia mimi, wiki moja kabla ya upasuaji, nikamweleza mwalimu wa darasa, naye akawaeleza watoto kwa kuchora ubaoni. Hakucheza mpira wala kuruka kamba muhula mzima. Likizo ya Novemba ingekuwa bora, lakini ni fupi kuliko wiki zenyewe, haitoshi hata ukipiga hesabu vipi.

Siku moja amerudi nyumbani ananiambia, "Mama, sasa mimi ni kichwa maji kweli kweli." Nilitaka kulia, nikaona anacheka. Jina walilomwita wenzake alikuwa amelichukua likawa lake.

FundiCherehani

Kofia je?

MamaPendo

Nilishona sita, kila moja kubwa kuliko iliyopita, pamba laini, mshono nje ili usisugue ngozi. Kofia ya sufu ya mtumba inabana, usijaribu. Ngozi ya juu ya nundu inakuwa laini na inang'aa, mkwaruzo mdogo ni hatari.

Mzee_Pipeline (Nakuru)

Nimesoma yote. Na mimi niseme upande wa pili, msije mkadhani ni miujiza.

Mimi nina kovu chini ya goti, ajali ya lori, Salgaa. Nilikuwa na kiraka kibaya kinachopasuka kila nikivaa buti. Nikawekewa mfuko pembeni mwa muundi. Wiki ya nne ngozi ikawa nyekundu, wiki ya tano ukingo wa mfuko ukachungulia nje kama sarafu. Wakautoa. Miezi mitatu ya nauli na maumivu, nikarudi pale pale. Jina la hospitali silitaji, na sisemi walikosea. Aliyenipokea baadaye aliniambia wazi kwamba mguu, chini ya goti hasa, ndiko mifuko inakofeli zaidi. Ngozi ni chache, damu yake haba, mfupa uko karibu. Ningeambiwa mapema ningeuliza mara mbili.

Mwishowe nilipata kiraka kipya, kinene kuliko cha kwanza, kinashika. Kiraka si aibu.

SistaWaUsiku

Mzee, pole, na umesema kweli. Kichwani, usoni, kifuani, matokeo ni bora. Miguuni tunaogopa. Na hata kichwani matatizo si haba: maambukizi, damu kuganda ndani ya mfuko wa ngozi, kitufe kugeuka kichwa chini sindano isiingie, mfuko kuvuja, ngozi kupasuka. Watoto wanapata matatizo haya zaidi ya watu wazima. Daktari asiyekutajia hata moja, mwombe arudie.

Kingine, kwa vile tuko kwenye makovu. Mwenye kovu la moto la miaka mingi akiona kidonda ndani yake kisichopona, kinachotoa maji au kunuka, asikipake chochote, aende kikakatwe kipande kipimwe. Makovu ya zamani huweza kugeuka saratani. Nimeona wanaokuja wamechelewa miaka, walidhani ni kovu tu linawasumbua.

BodaMamboleo

Kwa hiyo Mama Pendo nyinyi hamkupata shida yoyote?

MamaPendo

Tulipata, nayo ilikuwa karibu kutumaliza. Wiki ya saba tulikwenda kwa nyanyake, upande wa Mumias. Jumamosi usiku mtoto ana joto, anatetemeka. Nikampeleka kituo kilicho karibu (sikitaji, si lengo). Kijana wa zamu akamwangalia kichwani, akabonyeza, akasema hili ni jipu limeiva, lazima litobolewe litoe usaha ndipo homa ishuke. Akaanza kutafuta kisu.

Nilieleza. Hakuamini. Ukimweleza mtu saa tano usiku kwamba mtoto ana puto la maji kichwani na hospitali ndiyo iliyoliweka, unaonekana wewe ndiye mwenye homa. Nilimbeba mtoto nikasimama mlangoni mpaka sista mzee akatoka chumba cha pili. Nikampigia simu sista wetu wa kliniki, akapokea. Akauliza ngozi ya nundu ni nyekundu? Ina moto kuliko upande mwingine? Inatoa maji? Hapana, hapana, hapana. Basi mpimeni malaria. Alikuwa na malaria ya kawaida ya kwetu huku, akapewa dawa, Jumatatu yuko mzima.

Angetobolewa pale, na kisu kile, tungepoteza puto, labda na ngozi yote tuliyokuwa tumeichuma. Kwa hiyo daktari akuandikie barua: ni kifaa gani, kiko wapi, kimewekwa lini, namba ya kupiga. Ikunje, iweke kwenye mfuko wa mtoto, nyingine kwako, nyingine kwa mwalimu. Mimi barua hiyo niliiomba baada ya Mumias.

MamaJunior (Bungoma)

Dada, nimelia kusoma. Mwanangu wa kiume ana miaka sita, kovu kisogoni, chai. Tumeambiwa hili hili wiki iliyopita. Nauliza mambo mawili: fedha, na kama fuvu la mtoto haliharibiki.

MamaPendo

Pole dada yangu. La fuvu: linabonyea kidogo chini ya puto, ukipapasa baada ya upasuaji wa pili unaweza kusikia bonde. Niliogopa sana. Daktari alisema mfupa wa mtoto hujijaza wenyewe, na baada ya miezi minne silioni tena.

La fedha: sitakupa tarakimu, hospitali na hospitali. Ila usikubali bei moja ya jumla. Uliza kifaa chenyewe ni kiasi gani na nani anakinunua, kisha upasuaji wa kwanza, kisha wa pili, kisha kila Alhamisi. Uliza bima inabeba kipi kati ya hivyo, kwa maandishi. Chama changu kilinipa zamu yangu mapema, kaka yangu akauza ndama, na bado nauli ndiyo iliyotushinda zaidi. Mara kumi na mbili, watu wawili. Wewe unatoka Bungoma, pigia hesabu nauli kabla ya kisu.

Na kama nyumbani hakuna mtu atakayekuwa na yeye kila siku hizo wiki, subiri. Kovu limeshapoa, halikimbii. Sisi tulisubiri mwaka mzima nilipokuwa na mtoto mchanga, na sijutii. Mtoto mwenye puto anataka jicho la mtu mmoja, si la kila mtu.

Mzee_Pipeline

Hilo la mwisho lichapwe lipachikwe mlangoni mwa kliniki.

MwalimuVihiga

Na mwisho wake? Umetuacha wiki ya kumi na mbili.

MamaPendo

Upasuaji wa pili ulichukua karibu saa tatu. Alitoka na bandeji na mrija mdogo wa kutolea damu, ukaondolewa siku ya pili. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili. Kovu kubwa limekwenda, umebaki mstari, kama njia ya panya kwenye majani, kutoka juu ya sikio kwenda nyuma. Mwezi wa kwanza nywele za karibu na mstari zilianguka, nikarudi kliniki natetemeka. Wakasema ni mshtuko, zitarudi. Zimerudi. Ukitazama kwa makini upande wa kulia zimeachana kidogo kuliko kushoto. Yeye hatazami kwa makini.

Alitaka matuta wiki ile ile. Msusi wetu alikuwa tayari, mimi nikakataa, daktari amesema zisivutwe kwa miezi sita. Tunahesabu. Umebaki mmoja.

MamaJunior (Bungoma)

Dada, tumeamua Januari. Zile kofia bado unazo?

MamaPendo

Ziko tano. Ya sita, ile kubwa, Pendo amekataa kuitoa, anaiwekea gololi. Ukishuka Kisumu Jumamosi nipigie, tupatane Kibuye kwa fundi huyu hapa akupime mtoto na kukushonea hiyo moja.

FundiCherehani

Njooni kabla ya saa sita, baadaye jua linaingia kibandani. Na mje na kipimo cha puto, si cha kichwa.